Mikhail Speransky, Mkusanyaji wa Sheria za Urusi

1. Nchi isiyozijua sheria zake

Urusi ni nchi kubwa kupita nchi zote za dunia. Upande wa magharibi inapakana na nchi za Ulaya, na upande wa mashariki inafika hata bahari ya Pasifiki. Zamani, kabla ya mwaka 1917, nchi hiyo ilitawaliwa na Kaisari, ambaye Warusi walimwita Tsar. Neno la Tsar lilikuwa sheria. Alilolitaka lilifanyika, na alilolikataza lilikoma; wala hapakuwa na baraza la watu lililoweza kumzuia.

Chini ya Tsar walikuwako makabaila, yaani watu wa koo kubwa wenye mashamba. Chini ya makabaila walikuwako wakulima, nao walikuwa wengi mno. Mamilioni ya wakulima hao hawakuwa huru. Walifungwa na shamba la bwana wao, wasiweze kuhama wala kuoa pasipo ruhusa yake. Na shamba lilipouzwa, waliuzwa pamoja nalo.

Tena palikuwa na taabu nyingine. Sheria zilikuwa nyingi, lakini hapakuwa na mtu aliyezijua zote. Mwaka 1649 Tsar Alexei alitoa kitabu cha sheria. Baada yake kila Tsar alitoa amri zake mpya, na amri nyingi za kale hazikufutwa. Nyingine zilipigwa chapa. Nyingine ziliandikwa kwa mkono tu, zikalala katika masanduku ya makarani. Amri moja iliruhusu jambo, na nyingine ililikataza jambo lile lile. Mtu alipopeleka daawa yake mbele ya hakimu, karani mdanganyifu aliweza kutoa amri iliyompendeza yule aliyemhonga, na kuificha ile iliyomfaa mpinzani wake. Basi maskini angejibu nini? Sheria asiyoweza kuiona haikuweza kumlinda.

Watawala waliijua aibu hiyo. Mwaka 1700 Tsar Peter Mkuu aliweka tume ya kuzipanga sheria, na mwaka 1767 Malkia Catherine wa Pili aliita mkutano mkubwa wa wajumbe kwa kazi iyo hiyo. Tume moja ilikuja baada ya nyingine, wala hapana iliyoimaliza kazi. Mtu aliyeimaliza hakuzaliwa katika nyumba ya kabaila. Alikuwa mtoto wa kasisi wa kijiji, na jina lake Mikhail Speransky.

2. Mtoto wa kasisi

Mikhail alizaliwa siku ya kwanza ya Januari mwaka 1772, katika kijiji cha Cherkutino, jimbo la Vladimir. (Tarehe za habari hizi ni za kalenda ya Kirusi ya siku zile, ambayo ilikuwa nyuma ya kalenda itumikayo sasa kwa siku 11 au 12.) Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodoksi, na katika kanisa hilo makasisi wa vijijini huoa na kulea watoto. Nyumba yao haikuwa na mali. Hata jina la ukoo hawakuwa nalo. Mtoto alipopelekwa katika chuo cha makasisi mjini Vladimir, aliandikwa jina jipya la Speransky, ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kutumaini. Walimu wake walikuwa wamekwisha kuona akili zake, wakamtumainia.

Tumaini lao halikuwa bure. Kwa kuwa alipita wenzake katika masomo, alipelekwa kusoma katika chuo kikubwa cha makasisi mjini St. Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi. Huko alisoma hesabu, elimu ya maumbile, falsafa na elimu ya kunena vizuri. Na alipokwisha kusoma, alifanywa mwalimu katika chuo kile kile. Watu waliomjua walidhani ya kuwa atakuwa mtawa, na mwisho askofu.

Lakini kabaila mmoja mkubwa, aitwaye Alexei Kurakin, alihitaji mwandishi wa barua zake. Akaambiwa habari za mwalimu kijana. Husimuliwa ya kuwa Kurakin alitaka kumjaribu, akampa kazi ya kuandika barua 11 jioni moja. Speransky akakesha usiku kucha, na alfajiri barua zote zilikuwa tayari, zimeandikwa kwa lugha nzuri isiyo na kosa. Kurakin akamtwaa awe karani wake. Katika nyumba ile kubwa Speransky alikula pamoja na watumishi, wala hakuona haya.

Kurakin alipopata cheo kikubwa katika serikali, alimwingiza karani wake katika kazi ya Tsar mwaka 1797. Siku zile maofisa wa Urusi walipangwa katika daraja 14, kama ngazi yenye vidato 14. Watu wengi walikaa miaka mingi katika kidato kimoja. Speransky alipanda upesi sana. Haikupita miaka mitano naye alikuwa katika daraja ya nne, na kwa kupanda hivyo akahesabiwa miongoni mwa makabaila.

Walakini miaka hiyo haikuwa ya furaha tupu. Mwaka 1798 alimwoa msichana wa Kiingereza aitwaye Elizabeth Stephens. Mwaka uliofuata mkewe alizaa mtoto wa kike, na baada ya muda mfupi akafa. Speransky hakuoa tena maisha yake yote. Mtoto akaitwa Elizaveta, kwa jina la mama yake, na baba yake alimpenda mno.

3. Mkono wa kuume wa Tsar

Mwaka 1801 Alexander wa Kwanza alikuwa Tsar. Alikuwa kijana wa miaka 23, naye alitamani kuitengeneza nchi yake. Mwaka 1802 aliweka wizara, na Speransky akapewa kazi katika wizara ya mambo ya ndani. Waziri wake alipougua, mwaka 1806, Speransky alikwenda mwenyewe kumsomea Tsar habari za kazi. Tsar akapendezwa na maneno yake, kwa kuwa jambo gumu likipita katika kinywa cha Speransky lilikuwa rahisi kufahamika.

Mwaka 1808 Alexander alikwenda mji wa Erfurt, katika Ujerumani, kukutana na Napoleon, Kaisari wa Wafaransa. Speransky alifuatana naye, akaziona kwa macho yake serikali za nchi nyingine na jinsi zilivyopangwa. Aliporudi, Tsar akamwagiza aandike mpango mpya wa kuitawala Urusi.

Mwaka 1809 mpango ulikuwa tayari. Maneno yake makubwa ni haya. Kazi ya serikali igawanywe mafungu matatu: wa kwanza watunge sheria, wa pili wazitimize, wa tatu wahukumu, wala mmoja asiingilie kazi ya mwenzake. Pawe na mabaraza ya wajumbe waliochaguliwa, yaitwayo Duma: baraza la tarafa, baraza la wilaya, baraza la jimbo, na juu yake Duma ya nchi nzima. Sheria mpya isitoke pasipo kutazamwa na wajumbe hao. Speransky hakutaka kumwondoa Tsar katika kiti chake. Alitaka Tsar mwenyewe atawale kwa njia ya sheria iliyo wazi, isiyogeuka kila asubuhi kwa mapenzi ya mtu mmoja.

Mpango huo ulikuwa na upungufu wake. Wakulima wasio huru hawakupewa haki ya kuchagua wajumbe. Speransky alijua ya kuwa utumwa wa wakulima ni jambo baya, lakini aliona haufai kuondolewa ila kidogo kidogo. Naye mwenyewe, alipopata shamba, alipata na wakulima wake pamoja.

Tsar aliusoma mpango, akausifu, lakini akaogopa kuutimiza wote. Sehemu chache tu zilifanyika. Siku ya kwanza ya Januari mwaka 1810 lilifunguliwa Baraza la Dola, ambalo kazi yake ilikuwa kuzitafakari sheria kabla Tsar hajazitia sahihi. Na Speransky akawa Katibu wa Dola. Wizara nazo zilipangwa upya. Lakini Duma haikuitwa.

4. Chuki ya makabaila

Hapo Speransky alikuwa mtu mkubwa katika Urusi, wa pili baada ya Tsar kwa nguvu. Lakini hakuwa na ndugu wenye vyeo, wala jamaa wa kumtetea. Na mambo aliyoyafanya yaliwachoma makabaila.

Kwanza, mwaka 1809, ilitolewa amri juu ya vijana wa makabaila waliopewa vyeo vya heshima katika jumba la Tsar. Zamani kijana wa namna hiyo alipanda daraja pasipo kufanya kazi yo yote. Amri mpya ikasema kwamba cheo cha jumbani ni heshima tu. Atakaye kupanda na afanye kazi ya serikali kwa kweli. Pili, mwaka ule ule, ilitolewa amri ya mitihani. Ofisa atakaye kupanda kufika daraja ya nane lazima awe na hati ya chuo kikuu, au afanye mtihani wa lugha, sheria, historia na hesabu. Wazee waliokaa kazini miaka 20 wakaona wanarudishwa darasani kama watoto, tena kwa shauri la mtoto wa kasisi. Tatu, hazina ya serikali ilikuwa tupu kwa sababu ya vita, na noti zilikuwa zimepoteza thamani. Speransky akaongeza kodi, na mwaka 1812 ikawekwa kodi juu ya mapato ya mashamba ya makabaila wenyewe.

Basi maneno yakaanza kunong'onwa katika nyumba kubwa za St. Petersburg na Moscow. Wengine walisema Speransky anaiga mambo ya Wafaransa. Wengine walisema amejiuza kwa Napoleon. Wengine walimpelekea Tsar maneno ya dharau waliyosema yametoka kinywani mwa Speransky juu yake. Na maneno hayo yalimwuma Alexander, kwa kuwa alikuwa mtu mwepesi wa kushuku. Wahenga walisema, "Aliye juu mngoje chini." Makabaila walingoja.

5. Usiku wa Machi

Jioni ya tarehe 17 Machi mwaka 1812 Speransky aliitwa jumbani. Akakaa na Tsar faraghani muda wa saa mbili. Alipotoka, uso wake ulikuwa umefadhaika. Alipofika nyumbani kwake, alimkuta Balashov, waziri wa polisi, anamngoja. Karatasi zake zikatiwa lakiri. Gari lilikuwa tayari mlangoni. Binti yake alikuwa amelala, naye hakutaka kumwamsha. Akamwachia barua, akapanda garini, akachukuliwa usiku ule ule kwenda Nizhny Novgorod.

Hakushitakiwa mbele ya hakimu. Hakuna shahidi aliyeitwa, wala hukumu iliyosomwa, wala kosa lililotajwa mbele ya watu. Mtu aliyetaka Urusi itawaliwe kwa sheria alifukuzwa pasipo sheria yo yote, kwa neno la mtu mmoja tu. Kama mpango wake ungalitimizwa miaka mitatu mbele, pengine ungalimlinda yeye mwenyewe.

Miezi mitatu baadaye Napoleon aliingia Urusi na jeshi kubwa. Watu walikuwa na hofu na hasira, wakasadiki zaidi ya kuwa Speransky ni msaliti. Akahamishwa mbali zaidi, hata mji wa Perm, karibu na milima ya Ural. Huko aliishi katika umaskini na dharau. Watu wakubwa wa mji walimkimbia, wasije wakaonekana kuwa rafiki zake. Mwaka 1814 alipewa ruhusa ya kukaa katika shamba lake dogo la Velikopolye, karibu na mji wa Novgorod. Katika miaka ya taabu alisoma, alimfundisha binti yake, na alisali. Alikifasiri kwa Kirusi kitabu cha Thomas à Kempis kiitwacho Kumfuasa Kristo, kikapigwa chapa mwaka 1819.

6. Safari ya Siberia

Mwaka 1816 Tsar alimkumbuka, akamfanya gavana wa jimbo la Penza. Halikuwa jimbo kubwa, lakini Speransky hakulidharau. Aliwasikiliza watu waliokuja na mashitaka yao, akayatengeneza mambo ya makarani, hata waliomchukia zamani wakaanza kumsifu.

Mwaka 1819 akapewa kazi kubwa zaidi: kuwa gavana mkuu wa Siberia. Siberia ni nchi ya mashariki ya milima ya Ural, yenye baridi kali, misitu na mito mikubwa. Kutoka St. Petersburg mpaka mji wa Irkutsk ni zaidi ya maili 3,000 kwa njia ya gari la farasi. Gavana mkuu aliyemtangulia, Ivan Pestel, alikaa miaka mingi katika St. Petersburg na kuitawala Siberia kwa barua. Huku nyuma magavana waliokuwa chini yake walifanya walivyotaka. Waliopeleka mashitaka kwa Tsar waliona barua zao zimekamatwa njiani, na wao wenyewe wameadhibiwa.

Speransky alikwenda mwenyewe toka Tobolsk hata Tomsk, na toka Tomsk hata Irkutsk, na kupita. Mwanzo watu waliogopa kumwambia neno; lakini walipoona anaandika na kuuliza, vinywa vyao vikafunguka. Akaona hongo, unyang'anyi na ukatili usio na kifani. Magavana wawili, wa Tomsk na wa Irkutsk, wakaondolewa kazini, na maofisa wengi pamoja nao.

Lakini Speransky alijua ya kuwa kumfukuza mwivi mmoja hakutoshi ikiwa mlango umeachwa wazi kwa mwingine. Akaandika kanuni mpya, zilizotiwa sahihi na Tsar mwaka 1822. Siberia ikagawanywa sehemu mbili, ya magharibi na ya mashariki, na magavana wakawekewa mabaraza ya kushauriana nao. Kanuni nyingine zilihusu makabila ya wenyeji wa Siberia, yaliyokuwako kabla ya Warusi kufika. Ziliwagawa wenyeji hao mafungu matatu: wanaokaa mahali pamoja, wanaohamahama na mifugo, na wanaotangatanga kwa kuwinda na kuvua. Ziliwapa wakuu wao ruhusa ya kuamua mashauri madogo kwa desturi za kwao, na ziliweka mipaka kwa maofisa waliozoea kuwanyonya. Hata hivyo kodi ya ngozi za wanyama iliendelea kutozwa, na mtawala wa nchi yao alibaki kuwa Mrusi.

Katika kazi hiyo Speransky alisaidiwa sana na kijana mhandisi aitwaye Gavriil Batenkov. Jina hilo na likumbukwe, maana litatajwa tena.

7. Watu wa Desemba

Speransky alirudi St. Petersburg mwaka 1821. Mwaka 1825 Alexander alikufa, na ndugu yake Nicholas akashika kiti. Tarehe 14 Desemba mwaka ule, maofisa kadha wa jeshi, wengi wao vijana wa makabaila, waliwatoa askari wao katika uwanja wa Baraza la Seneti, wakakataa kuapa mbele ya Tsar mpya. Walitaka katiba, na wengi wao walitaka wakulima wawe huru. Jioni Nicholas akaamuru mizinga ipigwe, na uasi ukaisha. Watu hao waliitwa Watu wa Desemba.

Walipoulizwa, ilijulikana ya kuwa walikusudia kumweka Speransky katika serikali yao kama wangalishinda. Yeye mwenyewe hakuwamo katika shauri lao, lakini Nicholas alimshuku. Kisha Tsar akamweka katika mahakama kubwa ya kuwahukumu, na tena katika tume iliyowapanga washitakiwa kwa kadiri ya makosa yao. Speransky akaifanya kazi hiyo kwa ustadi wake wote. Washitakiwa hawakuitwa kujitetea. Wengi hawakujua ya kuwa wanahukumiwa mpaka siku waliyosomewa adhabu. Watu watano wakanyongwa mwezi wa Julai mwaka 1826, na wengi wakapelekwa Siberia. Miongoni mwa waliohukumiwa alikuwa Batenkov. Huyo alifungwa katika ngome ya St. Petersburg, peke yake, karibu miaka 20.

Jambo hili ni doa katika maisha ya Speransky, wala haifai kulificha. Yeye aliyeadhibiwa pasipo kusikilizwa alisaidia kuwaadhibu wengine pasipo kuwasikiliza. Pengine aliogopa, alikwisha kuonja uhamisho, na macho ya Tsar yalikuwa juu yake. Mtu aweza kuwa na akili nyingi na bidii nyingi, na bado siku ya kujaribiwa ushujaa ukampungukia.

8. Juzuu za sheria

Mwaka 1826 Nicholas alimpa kazi ile iliyowashinda watu kwa zaidi ya miaka 100, yaani kuzikusanya sheria zote za Urusi. Speransky alikuwa na umri wa miaka 54. Aliwatuma makarani kutafuta katika masanduku na makabati ya ofisi za serikali, wakaleta amri zilizosahauliwa tangu zamani. Kila amri ililinganishwa na asili yake, ikaandikiwa tarehe yake, ikawekwa mahali pake. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1830 kazi ya kwanza ilipigwa chapa. Ulikuwa mkusanyo kamili wa sheria tangu mwaka 1649 hata mwisho wa mwaka 1825, juzuu 45, zenye amri zaidi ya 30,000. Baada ya hapo Speransky aliziacha amri zilizokufa, akazitwaa zile zenye nguvu bado, akazipanga kwa mambo yake: sheria za serikali, za kodi, za mali, za jinai, na nyingine. Kazi hii ya pili ilipata juzuu 15, ikawa tayari mwaka 1832.

Tarehe 19 Januari mwaka 1833 Baraza la Dola lilikutana kuzipokea juzuu hizo. Mbele ya wote Tsar Nicholas alimwita Speransky, akaivua nyota ya nishani ya Mtakatifu Andrea kifuani pake mwenyewe, akamvika. Nishani hiyo ilikuwa kubwa kupita zote katika Urusi. Tangu siku ya kwanza ya Januari mwaka 1835 mahakama zote zilizitumia juzuu zile. Sasa hakimu alikuwa na kitabu mezani pake, na mtu aliyejua kusoma aliweza kuuliza, "Neno hili limeandikwa wapi?"

Walakini kifungu cha kwanza cha sheria hizo kilisema ya kuwa uwezo wa Kaisari hauna mpaka. Speransky wa mwaka 1809 alitaka sheria imfunge hata mtawala. Speransky wa mwaka 1832 alizipanga sheria vizuri, lakini zilimfunga kila mtu isipokuwa Tsar.

9. Mwisho wake na matunda yake

Katika miaka ya 1835 hata 1837 Speransky alimfundisha sheria mwana wa Tsar, aliyeitwa Alexander kama amu yake. Mwezi wa Januari mwaka 1839 alipewa cheo cha ukabaila kiitwacho kwa Kirusi graf. Mtoto wa kasisi, aliyeanza maisha pasipo jina la ukoo, sasa alikuwa na jina lililoandikwa pamoja na koo kubwa za Urusi. Lakini hakukaa na heshima hiyo ila majuma machache. Alikufa tarehe 11 Februari mwaka 1839, mwenye miaka 67, akazikwa mjini St. Petersburg katika makaburi ya monasteri ya Alexander Nevsky, karibu na chuo alichosomea ujanani.

Mwanafunzi wake akawa Tsar Alexander wa Pili mwaka 1855. Mwaka 1861 ndiye aliyetoa amri ya kuwaacha huru wakulima wa makabaila, watu zaidi ya milioni 20. Mwaka 1864 alizitengeneza mahakama, mashauri yakasikilizwa mbele ya watu, na mshitakiwa akapata wakili wa kumsemea. Na Duma ya nchi nzima, ambayo Speransky aliiandika katika mpango wake wa mwaka 1809, ilikutana mara ya kwanza mwaka 1906, miaka 97 baadaye.

Katika maisha yake Speransky hakumaliza yote aliyoyatamani. Alionyesha ya kuwa sheria iliyofichwa ni silaha mkononi mwa mwenye nguvu, na sheria iliyo wazi huanza kuwa ngao ya mnyonge. Lakini maisha yake yaonyesha na jambo la pili. Kitabu cha sheria, hata kikipangwa vizuri namna gani, hakitoshi. Ni lazima sheria imfunge mkubwa kama imfungavyo mdogo, na ni lazima wawepo watu wenye moyo wa kuishika hata siku ya hofu.

Maswali

1. Kwa nini maskini wa Urusi hakuweza kulindwa na sheria kabla ya mwaka 1835?
2. Eleza mafungu matatu ya kazi ya serikali katika mpango wa mwaka 1809.
3. Taja mambo matatu yaliyowafanya makabaila wamchukie Speransky.
4. Speransky alifukuzwa namna gani mwaka 1812, na kwa nini jambo hilo halikuwa haki?
5. Kwa nini Speransky hakuona kuwa yatosha kuwafukuza maofisa wabaya wa Siberia?
6. Linganisha jinsi alivyotendewa Speransky mwaka 1812 na jinsi walivyotendewa Watu wa Desemba mwaka 1826.
7. Andika ukurasa mmoja juu ya maneno haya: "Sheria imfunge mkubwa kama imfungavyo mdogo."